Kanga na Jina Lake: Uteuzi wa Nguo katika Mwambao wa Afrika Mashariki

Neno merikani, kwa maana ya kitambaa, halina utata wa asili. Kufuatia mkataba wa biashara wa 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, merikebu za Salem, Massachusetts, zilileta Unguja majora ya pamba isiyotiwa rangi, na jina la nchi likawa jina la nguo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861–1865 vilipoivuruga biashara hiyo, viwanda vya Uingereza na Bombay vilichukua nafasi. Jina lilibaki.

Merikani, pamoja na kaniki, zilikuwa vazi la watumwa na mafukara. Hali ya kisheria ya utumwa ilipofutwa Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliotoka utumwani waliziacha wakajifunga kanga. Wale wanaotenganisha kwa wepesi mno bidhaa ya nyumbani na ya kigeni wangefaa kuutafakari uteuzi huu, kwa kuwa kanga nayo ilitoka ng'ambo: Uingereza, Uholanzi, na baadaye Japani na India. Hata neno leso, lipendwalo zaidi Mombasa, lina asili ya Kireno. Mwanamke yule hakuwa akilinganisha viwanda. Alikuwa akiivua nguo iliyomtaja kuwa mtumwa na kuvaa ile iliyomtaja kuwa muungwana.

Ni nini basi kilichoifanya kanga kuwa ya Waswahili? Pindo na mji vina uzito wake, lakini hoja ya lugha ina nguvu zaidi. Jina la kanga liliandikwa kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha za Kirumi, na mafundi wa mbali walichapa maneno wasiyoyaelewa kwa agizo la wafanyabiashara waliozijua ladha za wateja wao. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, mwenye asili ya Kihindi, aliuza kanga zake kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Alama ya biashara hiyo ni kirai kamili cha Kiswahili!

Kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, kiliwapa Watanzania kanga iliyofumwa na kuchapwa kwao. Hata hivyo, uzalendo wa kiwanda haukulifuta swali la mnunuzi kuhusu jina. Anayetafuta kanga ya kumpa wifi au mkwe hulisoma jina kwanza, kwani nguo hiyo itasema kwa niaba yake.