Mhamiaji wa Dar es Salaam katika Magazeti ya Kiswahili, 1923–1983

Tangu Mambo Leo, gazeti la kila mwezi la serikali ya kikoloni, lilipoanza kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1923, habari za watu wanaotoka shamba kuja mjini hazikukauka katika magazeti ya Kiswahili ya Tanganyika. Lakini kwa sehemu kubwa ya miaka sitini iliyofuata mhamiaji huyo alijadiliwa kama tatizo la utawala, na ni nadra alipopewa nafasi ya kueleza mwenyewe kilichomtoa kwao.

Wengi walioandika katika Mambo Leo walikuwa walimu na makarani, ambao mara nyingi walikuwa wageni wa mji sawa na kuli wa bandarini, ila wao walikuja na ajira. Kijana aliyehangaikia kibarua aliitwa mhuni, jina ambalo wakati huo lilimhusu mtu asiye na kazi maalumu wala jamaa wa kumdhamini, na akikamatwa bila stakabadhi ya kodi aliweza kurudishwa kwao. Kodi hiyohiyo ndiyo iliyowafukuza wengi vijijini, kwa kuwa ilidaiwa kwa fedha taslimu hata katika miaka ya 1930, bei za mazao zilipoporomoka. Uhusiano huo, ambao ndio kiini cha jambo lenyewe, gazeti la serikali lisingeweza kuufanya hoja yake.

Kwetu, lililoanzishwa mwaka 1937 na Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyehamia Dar es Salaam, liliwapa Waafrika wa mjini jukwaa lao la kulalamikia hali ya maisha, ingawa lilisimama karibu zaidi na wenye maduka madogo kuliko na vibarua.

Mji ulikua kutoka wakazi wapatao 69,000 mwaka 1948 hadi zaidi ya 128,000 mwaka 1957, na baada ya uhuru mjadala ukahamia katika Ngurumo na Uhuru, gazeti la TANU. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipofanya kazi ya shamba kuwa kipimo cha uraia mwema, asiye na ajira mjini aliitwa kupe, yaani mnyonyaji wa jasho la wengine. Shutuma iliyokusudiwa bepari ikamwangukia muuza karanga, na hilo lilikuwa dhuluma, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumnyonya.

Mwaka 1983 Sheria ya Nguvu Kazi ilihalalisha kuwahamishia vijijini wasio na kazi iliyotambuliwa. Wengi waliopelekwa walirudi, kwani huko walikuta bidhaa adimu na malipo ya mazao yaliyochelewa. Katika miaka hiyohiyo mishahara ilishuka thamani kiasi kwamba familia za watumishi wa serikali zenyewe ziliishi kwa miradi, yaani shughuli ndogo za kujiongezea kipato, zikiuza maandazi na kufuga kuku nyuma ya nyumba za serikali.