Nyuma ya Waliosimama: Sumbawanga katika Picha za Zamani

Picha nyingi za kale za Ufipa, nchi ya Wafipa ulimo mji wa Sumbawanga, zilipigwa na watu waliokuwa wakipita. Ofisa wa Kijerumani aliyepangiwa ngome ya ziwani, padri aliyehamishwa kutoka misheni hii kwenda ile, bwana shauri wa Kiingereza aliyejua kwamba miaka michache ikiisha atapelekwa kwingine: hao ndio waliokuwa na kamera. Walipiga kilichowashangaza, na walipiga kilichokuwa chao. Ndiyo maana ngome tunazo, makanisa tunayo, matanuru ya chuma tunayo. Mtaa wa kawaida, wenye duka la chumvi na vitenge na kilabu cha pombe uchochoroni, ulisubiri sana. Ulisubiri hadi wenyeji walipoanza kupigwa picha kwa fedha zao wenyewe, na hata hapo uliingia kwa bahati tu, nyuma ya mabega ya waliosimama. Mimi naamini historia ya Sumbawanga kama mji imo zaidi katika picha hizo za pili kuliko zile za kwanza.

Lakini za kwanza haziwezi kurukwa. Wakati wa Wajerumani, macho yote yalielekea ziwani. Kasanga, iliyo kusini mwa Ziwa Tanganyika, iliitwa Bismarckburg, na wilaya nzima ikachukua jina hilo. Ngome ile ilijengwa ionekane kutoka mbali, kwa anayekuja na chombo na kwa anayeshuka mlimani. Juni 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea, kikosi cha majini cha Waingereza, kikiongozwa na Geoffrey Spicer-Simson, kilifika mbele yake kikaona mizinga, kikarudi nyuma. Usiku Wajerumani wakatoroka kwa mitumbwi. Inasimuliwa kwamba Waingereza walipoingia ndani waligundua kuwa mizinga iliyowatisha ilikuwa ya mbao. Nikitazama picha za maboma ya enzi hizo, kuta zimesimama wima na bendera imeinuliwa, nakumbuka mizinga ile. Picha ya boma nayo ilitengenezwa kumwonesha mtazamaji nguvu, na mara nyingi nguvu hiyo iliishia pale ukuta ulipoishia. Hatua chache nje ya lango, watu walikuwa na watemi wao wa Nkansi na Lyangalile, na njia zao za miguu ambazo hakuna aliyezipiga picha.

Waingereza waliupandisha utawala kutoka ziwani hadi uwandani, na hatimaye Sumbawanga ikawa makao ya Wilaya ya Ufipa. Mwambao ulikuwa umeshateswa na malale, na huku juu kulikuwa na hewa baridi, watu na nafaka. Mji huu basi si mtoto wa bandari wala wa reli. Ulizaliwa kwenye uwanda ulio kati ya mabonde mawili ya ufa, Ziwa Tanganyika upande mmoja na Ziwa Rukwa upande mwingine, na kila anayetaka kuingia lazima apande.

Kilichowavutia wageni kuliko vyote ni malungu. Yalikuwa matanuru ya udongo yenye kimo cha kama mita tatu, karibu mara mbili ya kimo cha mtu, na yalifanya kazi bila mivukuto: moto ulivuta hewa wenyewe kupitia matundu yaliyozunguka chini. Tanuru lilipangwa mkaa na mawe ya chuma kwa zamu, likaachwa liwake kwa siku kadhaa. Chuma kilichotoka hakikuwa tayari. Kilipelekwa katika tanuru dogo, kintengwe, ambako sasa mivukuto ilitumika kukisafisha, ndipo mhunzi akapata kitu cha kufulia jembe. Padri Wyckaert aliandika juu ya wahunzi hawa mwaka 1914, na R. C. H. Greig akaeleza uyeyushaji wenyewe mwaka 1937 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Wakati huo kazi ilikuwa ikififia, kwa kuwa majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yalishajaa madukani. Baadaye mwanaakiolojia Mtanzania, Bertram Mapunda, aliyafuatilia mabaki huko Nkasi na kuonesha kwamba ufundi wa chuma wa eneo hili ulikuwa na aina zaidi ya moja na historia ndefu.

Jambo linaloniuma katika picha za malungu ni hili: tanuru limesimama peke yake. Mara nyingi limeshapoa, nyasi zimeota kandokando. Hakuna aliyebeba mkaa, hakuna kapu la dawa la mganga wa tanuru, hakuna miiko iliyowataka wahunzi wakae mbali na wake zao mpaka kazi iishe. Tanuru lilipambwa na kutunzwa kama bibi harusi, nalo kwenye picha limekuwa kichuguu kikubwa. Mtu asiyeambiwa atadhani anatazama gofu, kumbe ni kiwanda.

Sasa tuje mjini. Mwaka 1969 jimbo Katoliki lililoitwa Karema lilichukua jina la Sumbawanga, na mwaka 1974 Mkoa wa Rukwa ulianzishwa, Sumbawanga ikawa makao makuu yake. Miaka hiyo miwili naiona kuwa muhimu kuliko kitu chochote kilichofanyika bomani. Makarani, walimu, manesi, askari na madereva kutoka mikoa mingine walihamia, na mtu aliyehamia huwa na sababu ya kupiga picha: nyumbani wanataka kujua kama amenenepa, kama ameoa, kama anavaa viatu. Akaenda studio, akasimama mbele ya pazia. Jumapili au sikukuu, mpiga picha alipotoka nje na kamera yake begani, pazia lilibaki, na mtaa ukaingia.

Picha hizo zinasomwa kuanzia nyuma kwenda mbele. Uache uso kwanza. Tazama paa: ni nyasi, debe lililokunjuliwa au bati? Tazama ukuta: tofali bichi au la kuchoma? Nguzo ya umeme ipo? Kwa miaka mingi Sumbawanga ilitegemea umeme uliovuka mpaka kutoka Zambia, pamoja na majenereta ya dizeli, kwa hiyo waya ukionekana juu ya barabara unakupa kipindi. Tazama ardhi waliyosimama: vumbi jekundu, changarawe au lami. Kisha urudi kwenye suruali, maana suruali pana chini hazihitaji maelezo. Ukiwa na mzee wa mitaa ya Mazwi au Majengo kando yako, atakutajia nani alikuwa na duka lile kabla hujamaliza kuuliza.

Vilabu vya pombe ndivyo vilivyodhulumiwa zaidi na kamera. Huku pombe maana yake kwanza ni ulezi, na ulezi unatokana na kilimo cha ntumba, yale matuta ya mviringo ambamo nyasi hufunikwa chini zioze ziwe mbolea. Mwanamke aliyelowesha ulezi, akaotesha kimea, akasaga, akapika na kusubiri, alisomesha watoto kwa kilabu. Pale ndipo bei ya mahindi ilipojulikana na ugomvi wa shamba kusuluhishwa. Hata hivyo picha za vilabu ni chache mno. Padri hakutaka kuvipiga, serikali ilivitazama kwa jicho la leseni na kodi, na mnywaji mwenyewe hakutaka kuonekana huko. Baa zilipata bahati nzuri zaidi: chupa zikapangwa mezani lebo zikitazama kamera, marafiki wakakaa wima kama wako kanisani. Chupa ile ilikuwa imesafiri mbali, na ilistahili kuonekana.

Ilisafiri mbali, na kwa barabara tu. Reli ya tawi ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi, kaskazini. TAZARA ikapita Tunduma katikati ya miaka ya 1970, kusini. Ufipa ikabaki katikati bila reli, huku Rukwa ikihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Nafaka ilikuwapo, njia haikuwapo. Masika ilipofika, lori lililotoka Tunduma lingeweza kulala Laela au popote pale tope lilipoamua, na utingo akageuka mpishi. Vijana wa Kifipa wa vizazi kadhaa walikuwa wameshaondoka kupitia njia hizo hizo kwenda mashamba ya mkonge, wakarudi na baiskeli na nguo, au hawakurudi.

Februari 2008 Rais Kikwete na Rais George W. Bush walisaini mkataba wa Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani wenye thamani ya dola milioni 698, na barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita zipatazo 224, ikawamo. Lami ilibadilisha mpangilio wa mji wenyewe. Maduka yaligeuza milango kuelekea barabara kuu, nyumba za wageni zikapanda ghorofa, bodaboda zikajaa. Sensa ya 2012 ilihesabu zaidi ya watu 200,000 katika manispaa, na ile ya 2022 zaidi ya 300,000. Simu nazo zikaja na kamera, na picha zikawa nyingi kuliko zilizopigwa miaka mia iliyotangulia, ila hazina karatasi, na simu ikiharibika zinakwenda nayo.

Albamu za miaka ya 1970 na 1980 bado zimo masandukuni Katandala, Kizwite na Chanji, nyingine zimeanza kugandana kwa unyevu. Waliomo wanazeeka. Kalamu ya risasi inatosha: nyuma ya kila picha iandikwe mwaka, jina la mtaa, waliosimama walikuwa wametazama upande gani, na jengo lililo nyuma yao lilikuwa la nani.