Chopsi za Babu

Babu yangu, mpaka anazikwa, hakuwahi kuziita katlesi. Kwake zilikuwa chopsi. Neno hilo alilitoa jikoni kwa karani mmoja Mgoa wa reli, kisiwani Mombasa, alikokuwa mpishi, akawa anavuka nalo jioni kwenye lile daraja la kuelea la Nyali, lililofunguliwa 1931, mpaka kwetu Mlaleo, Kisauni. Siku nyingine alikuja nazo mbili tatu zimefungwa kwenye gazeti, zimepoa, mafuta yameshalowesha habari zote.

Ukimwambia mtu wa Mombasa leo kwamba katlesi ziliingia nyumbani kwa mkono wa mwanamume, atakucheka. Ni kitu cha kina mama, cha futari na cha harusi, cha sinia lililofunikwa kawa. Lakini kwetu ndivyo ilivyokuwa, na sidhani tulikuwa peke yetu. Wanaume wa pwani wengi waliajiriwa kupika majumbani kwa Wazungu, Wahindi na Wagoa, wakati wake zao wako nyumbani na nazi na mbuzi ya kukunia. Mapishi ya kigeni yalivuka maji na mpishi aliyechoka, kisha mkewe akayafanya apendavyo.

Nyanya aliyafanya apendavyo kweli. Chopsi za Wagoa ni mbatata iliyopondwa, ikatiwa kima katikati, na kima chao hupenda siki. Kisha hupakwa yai na kuviringishwa kwenye chenga za mkate. Nyanya aliiondoa siki akaweka ndimu. Akazidisha dania, thomu na pilipili mbichi. Chenga za mkate alizikataa kabisa. Kwake huo ulikuwa mkate uliokosa mlaji. Alibakisha yai peke yake, tena la kuku wake mwenyewe, akilipiga mpaka lipande povu, ndiyo maana katlesi za kwetu zikitoka karaini huwa na ile shashi ya dhahabu inayoning'inia pembeni. Watoto tulikuwa tukigombania shashi kuliko nyama.

Jina la katlesi nalo limesafiri kupita watu. Wafaransa wana neno la kipande kidogo cha ubavu, Waingereza wakalichukua likawa la nyama ya kukaanga, wakalipeleka India. Huko mfupa ulipotea, mbatata ikaingia, na treni za India zikapata sifa kwa katlesi za mboga zisizo na nyama hata chembe. Kwa hiyo tunachokula Kisauni, kwa asili ya jina, ni ubavu. Mbatata nayo asili yake ni milima ya Andes, lakini jina lake ni la kiazi kitamu cha visiwa vya Karibi, batata, ambalo Wareno walilitembeza mpaka magharibi ya India. Bara wanasema viazi. Sisi tukisema viazi bila kuongeza kitu, mtu wa makamo atakuuliza: vitamu?

Na tusidhani India ilikuja kwetu kwa majahazi na reli tu. Matatu za Kisauni hupita Kengeleni, ilipo kengele ya Frere Town, kijiji cha watumwa walioachwa huru kilichoanzishwa na wamishenari wa CMS mwaka 1875. Baadhi ya wakazi wake walikuwa Waafrika waliookolewa baharini wakiwa watoto, wakalelewa Nasik, karibu na Bombay, kisha wakarudishwa pwani hii watu wazima. Watu walitujia huku bara ya Mombasa wakiwa wameshakula vya India utoto wao wote, miaka ishirini na zaidi kabla reli haijaanza kutandikwa.

Reli yenyewe ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu mwishoni mwa 1901. Hiyo ndiyo iliyotupa mbatata kwa magunia, kwa sababu huku kwetu haioti; inataka baridi ya Limuru, Molo, Nyandarua, Meru. Magunia yalishuka yakipita Changamwe kabla ya kuvuka Makupa kuingia kisiwani. Siku hizi yanakuja kwa lori, usiku, na soko la Kongowea ndiko yanakofunguliwa. Zamani yalikuja yameongezewa kitambaa juu kama kilemba, gunia moja lina uzito wa watu wawili. Kanuni za serikali za 2019 zikasema lisizidi kilo 50. Vilemba havijaisha.

Nimezungumza sana juu ya majina, na kazi yenyewe iko kwenye donge. Donge hili halina unga. Ngano hushikana kwa kukandwa. Mbatata ukiikanda sana, chembe za wanga zilizomo hupasuka na inakuwa ulimbo. Kwa hiyo Nyanya hakuruhusu kinu kiisogelee. Alichemsha mbatata na maganda yake, nzima, zisinywe maji. Akishamwaga maji, alirudisha sufuria juu ya makaa, akazitikisa humo mpaka mvuke ukatike na maganda yaanze kukunjamana. Alimenya zikiwa moto, akihamisha kutoka kiganja hiki kwenda kile, huku akipuliza vidole na kumlaani shetani. Kisha alizipondaponda kwa tako la chupa ya soda, akiishukisha wima na kuinyanyua wima, bila kuzungusha. Chumvi, ndimu kidogo, basi.

Kipimo chake kilikuwa ni kuchukua tonge, kulifinya, na kuangalia ufa. Likichanika pembeni kidogo, sawa. Likikaa laini kama uso wa mtoto, alikasirika, maana yake kuna maji ndani. Alilitandaza kiganjani, akaliingiza kidole gumba katikati likawa kikombe, kima kilichopoa kabisa kikatiwa, akalifumba na kulibana. Kima cha moto hutoa mvuke, na mvuke hutafuta mlango.

Hayo yote nayajua, na bado nilikosea. Ramadhani moja ya karibuni nilipata oda ya katlesi mia mbili za kupeleka Likoni. Nikaenda Kongowea alfajiri, nikapewa mbatata nzuri kwa macho, kubwa, safi. Nikasugua moja kwa kidole gumba: ngozi ikatoka kama ya mtu aliyeungua jua. Mbatata changa, imejaa maji. Nyingi za siku hizi ni aina ya Shangi, ambayo inaiva upesi shambani na kuchipua upesi stoo, na wakulima wenye shida ya pesa huing'oa kabla haijakomaa ngozi. Nilijua. Bei ikanishawishi.

Saa tisa alasiri ya kwanza ilipasuka. Kima kikatawanyika karaini, mafuta yakaruka mpaka kwenye leso yangu. Ya pili vivyo hivyo. Niliwaza unga wa muhogo, dawa ya wavivu, nikamsikia Nyanya akisonya kutoka kaburini, na nikautia. Vijiko vitatu kwa kila sufuria. Zikasimama, ila ukiuma unausikia ule mnato kwenye meno.

Nikabeba ndoo mbili kwenye tuktuk mpaka feri, nikavuka nimebanwa kati ya mikokoteni na watu wanaokimbilia futari, adhana ikanikuta sijafika nusu ya maji. Mwenye oda alinipokea mlangoni, akazihesabu, akalipa. Akauma moja mbele yangu, akatafuna polepole.

"Mama, hizi umetia nini?"

Nikamwambia ni mapishi ya Wagoa.