Gitaa lililovuka mto Lhubiriha

Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese, magharibi mwa Uganda. Ilikuwa imefuata shaba ya Kilembe, si watu, lakini watu nao waliipanda. Mwaka huohuo, mbali magharibi katika mji wa Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, kijana wa miaka 17 aliyeitwa Franco Luambo alianzisha bendi ya OK Jazz pamoja na wenzake. Na huko Marekani Elvis Presley alikuwa akitikisa kiuno kwenye televisheni, wazazi na wahubiri wakilalamika.

Historia ya rock and roll kwa kawaida huanza na huyo wa mwisho. Kwa Kasese, na kwa Bwera iliyo mpakani na Kongo, naanza na treni, kisha Franco. Mambo ambayo Elvis alisifiwa na kulaumiwa kwayo yalifika huku pia: gitaa la umeme, kijana mwenye fedha zake mfukoni, mavazi ya kuwaudhi wazee, watu wawili kucheza bila kushikana. Ila yalipitia Kongo kwanza, na yalipofika yalikuwa yakizungumza Kilingala.

Fedha ndiyo iliyofungua njia. Kabla ya mgodi, kijana wa Kikonzo katika miteremko ya Rwenzori alimtegemea baba yake kwa shamba, na kwa mbuzi wa mahari pia. Kampuni ya Kilembe Mines, iliyoendeshwa kwa mtaji wa Wakanada, ilileta kitu kipya katika bonde la mto Nyamwamba: mshahara wa mwisho wa mwezi, unaowekwa mkononi mwa mtu mmoja mmoja. Wachimbaji walitoka kila pembe ya Uganda na nchi jirani, na kambini Kiswahili kikawa lugha ya kuelewana. Mtu aliyelipwa aliweza kununua baiskeli, suruali, hata gramafoni, bila kumuomba mzee yeyote ruhusa. Ndiyo maana nasema ujana, kama kundi lenye mambo yake, ulianza hapa siku ya mshahara. Muziki ulikuta nafasi iko wazi.

Mlango wa muziki ulikuwa Bwera. Mpaka wa wakoloni uliwakata Wakonzo na ndugu zao Wanande, wakawa Waganda na Wakongo, lakini lugha ilibaki ileile, na kutoka soko la Mpondwe hadi Kasindi, upande wa Kongo, ni kuvuka mto Lhubiriha tu. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizunguka mashariki ya Kongo na mashine yake ya kurekodi, akanasa muziki wa asili wa Wanande. Mwaka huohuo, huko kusini Jadotville, ndiye aliyemrekodi Mwenda Jean Bosco na wimbo wake Masanga. Bosco alipiga gitaa kavu kwa vidole viwili kana kwamba wapigaji ni wawili, na aliimba kwa Kiswahili. Gitaa la kwanza kutoka Kongo lilikuja na maneno ambayo mchimbaji wa Kilembe aliyaelewa.

Baada ya Bosco, Kilingala kilitawala. Najua wasomaji wengine wataniuliza: kwa nini watu wa Kasese waliimba kwa lugha wasiyoifahamu vizuri? Jibu langu linaanzia shuleni na kanisani. Wakonzo walikuwa chini ya ufalme wa Toro, watoto wao wakifundishwa kwa Kitooro, na hasira ya kudharauliwa huko ndiyo iliyozaa harakati ya Rwenzururu, ambayo Isaya Mukirane, aliyekuwa mwalimu, aliitangazia uhuru tarehe 30 Juni 1962, miezi mitatu kabla ya Uganda yenyewe kuwa huru. Kiingereza kilikuwa lugha ya ofisi ya mkuu wa wilaya. Kilingala hakikuwa cha bwana yeyote aliyewahi kumkaripia Mkonzo. Kilikuwa kimeshasherehekea uhuru wake mwaka 1960, Grand Kallé na African Jazz walipoimba Indépendance Cha Cha, na kijana wa Bwera aliyezungusha kitufe cha redio usiku hakuhitaji mfasiri wa furaha ile.

Twisti nayo ilipita, kupitia Nairobi. Daudi Kabaka wa Kenya aliigeuza kuwa ya Kiafrika kiasi kwamba mwaka 1968 bendi ya Kiingereza, The Tremeloes, ilirekodi wimbo wake Helule Helule. Lakini twisti haikuvunja chochote huku.

Kilichovunja ni Zaiko Langa Langa. Bendi hiyo ilianzishwa Kinshasa Desemba 1969 na vijana, wengine wakiwa bado wanafunzi. Waliondoa tarumbeta na saksafoni, ala za kaka zao wakubwa, wakabaki na magitaa, ngoma na sauti, sawasawa na bendi za rock walizozisikia kwenye santuri. Rumba ya Franco na ya Dokta Nico ilikuwa ya wawili kushikana na kuzunguka polepole. Zaiko walirefusha sebene, ile sehemu ambapo waimbaji hunyamaza na magitaa huanza kujibizana, na katika sebene hakuna wa kushikwa. Kila mtu hucheza mwenyewe. Msichana hangoji tena mwanamume amsogelee kumuomba. Anasimama, anaingia uwanjani, anaonyesha anachoweza. Kwangu hilo ni badiliko kubwa kuliko mavazi yote. Mpiga ngoma wao, Meridjo Belobi, ndiye aliyeleta mdundo wa kavacha, na husimuliwa kwamba aliutoa katika mlio wa treni.

Mwaka 1972 serikali mbili, kila moja upande wake wa Lhubiriha, ziliingia kabatini mwa vijana. Kampala, Idi Amin alitoa amri ya kupiga marufuku sketi fupi, kaptula za kubana na magauni marefu yenye mpasuo. Kinshasa, Mobutu alikuwa akijenga siasa yake ya kurudi kwenye uasilia: mwanamume asivae suti na tai bali abakosti, koti lisilo na tai, mwanamke aache wigi, suruali na sketi fupi, na kila raia atupe jina la ubatizo. Mwimbaji Rochereau akawa Tabu Ley. Kwa hiyo msichana aliyevuka kutoka Kasindi kuja sokoni Mpondwe aliondoka kwenye nchi iliyomkataza sketi fupi akaingia nchi nyingine inayomkataza sketi hiyohiyo. Askari wa pande zote mbili walipewa kazi ya kupima magoti ya watoto wa watu. Nikiangalia ukali wa sheria hizo naona jinsi watawala wale walivyoichukulia dansi kwa uzito, kuliko hata wazazi wengi.

Na haikusaidia. Mobutu mwenyewe, baada ya kukataza tai, alimkaribisha James Brown Kinshasa mwaka 1974. Miaka mitatu baadaye Papa Wemba alianzisha Viva la Musica, na vijana waliomfuata walivaa suti za Ulaya kwa fahari, kana kwamba wanavaa bendera. Uganda, wanamuziki walihama zaidi kuliko kubishana. Mwimbaji Samba Mapangala aliingia Kampala kutoka Kongo mwaka 1975, akapiga na bendi ya Les Kinois, kisha mwaka 1977 akaenda Nairobi. Huko baadaye aliiita bendi yake Virunga, jina la milima ya volkano iliyo kusini mwa Rwenzori.

Uhuru huu haukugawiwa sawa. Kijana mchezaji aliitwa mtanashati. Dada yake mchezaji aliitwa malaya. Franco alipotoa wimbo wa Mario mwaka 1985, habari za kijana msomi anayelelewa na mwanamke mwenye fedha, Afrika Mashariki nzima iliuchukua, na Kiswahili kikapata neno marioo. Hatukupata neno la mwanamke yule aliyefanya kazi, akalipa kodi ya nyumba na akachagua mwenyewe wa kukaa naye. Sauti ya mwanamke ilianza kusikika kwa nguvu M'bilia Bel alipojiunga na Tabu Ley mwaka 1981. Alipoimba Nakei Nairobi, yaani naenda Nairobi, aliyekuwa anasafiri safari hii ni mwanamke.

Walioumia pia wapo. Endara, marimba kubwa ya Kikonzo, hupigwa na watu kadhaa waliokaa pamoja, na filimbi za eluma zinahitaji kikundi kizima, kila mtu na sauti yake moja. Gitaa linamtaka mtu mmoja na kiti. Kijana aliyekwenda Kilembe kuchimba shaba hakuwa nyumbani kushika nafasi yake katika eluma, na filimbi isiyo na mpulizaji huacha pengo katika wimbo. Nalihuzunikia pengo hilo, ingawa na mimi nimekulia kwenye sebene.

Uchimbaji wa shaba ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na baadaye treni nayo ikaacha kuja Kasese. Siku ya soko Mpondwe, pikipiki huvuka kutoka Kasindi na spika imefungwa nyuma kwa mpira, na kavacha inalia kutoka ndani yake, chuku-chuku, chuku-chuku, kama kitu kizito kinachopanda mlima.