Neno la leo: Rafiki

Ukiketi na mtoto mchangani Shelly Beach, Likoni, meli zikielekea Kilindini, msimulie kisa cha Kima na Papa, alichokichapisha Edward Steere mwaka 1870. Kima alimrushia papa matunda kila siku. Papa akampakia mgongoni ili wasafiri baharini, kumbe kwao papa sultani mgonjwa anahitaji moyo wa kima! Kima akajiokoa kwa kudai moyo ameuacha mtini.

Rafiki limetoka katika neno la Kiarabu rafiq, mwenzi wa safari. Waarabu huusia: tafuta rafiki kabla ya njia. Wazazi, tuwafunze watoto maana hiyo. Anayekula matunda yako huenda asiwe rafiki. Rafiki ni anayekufikisha salama.