Lupasi Iliyokosekana Rejistani

Katika rejista kuukuu za zahanati moja ya Magu, Kanda ya Ziwa, neno malaria linajirudia ukurasa hadi ukurasa. Mimi nilitafuta lupasi, maradhi ambayo kinga ya mwili humgeukia mwenye mwili na kushambulia viungo, ngozi na figo. Sikuiona popote. Nilikuta "homa" na "maumivu ya viungo" tu. Je, lupasi haikuwapo, au ilikosa wa kuitambua?

Simulizi ya zamani inadai kwamba Mwafrika wa kijijini haugui lupasi. Nina shaka nayo: vipimo vyake havipo zahanati, na dalili zake hufanana na za maradhi mengine mengi. Ila siwezi kuitupa yote. Wanawake wenye asili ya Afrika walioko Marekani na Uingereza huugua lupasi zaidi kuliko wanawake wazungu. Waliovuka bahari waliacha nini huku?

Mwaka 1968 daktari mmoja aliyefanya kazi Nigeria alipendekeza jibu: malaria. Mwaka 1970 panya wenye mwelekeo wa maradhi yanayofanana na lupasi waliambukizwa malaria, na maradhi yao yakazuilika. Ushahidi mzito, lakini panya si mtu. Malaria na lupasi vinakutana wapi mwilini mwetu?

Nyayo zilinifikisha kwenye kipokezi kiitwacho FcγRIIB. Kimo kwenye seli B, ambazo huzaa seli za kutengeneza kingamwili, na kwenye makrofaji, zinazomeza vimelea. Kingamwili zilizonasa adui zikikigusa, kipokezi hicho huzipunguza seli hizo kasi, kama breki. Wapo wanaorithi jeni yenye badiliko moja dogo linaloilegeza breki hiyo. Badiliko hilo huongeza hatari ya lupasi, na limeenea zaidi Afrika na Asia kuliko Ulaya. Mbona vizazi havikulifuta?

Huenda kwa sababu lina faida pia. Kanda ya Ziwa tunaijua hesabu hii ya hasara na faida kupitia sikoseli, ugonjwa wa kurithi: anayerithi jeni yake kwa mzazi mmoja hukingwa dhidi ya malaria kali. Utafiti wa 2010 uliwaangalia watoto wa pwani ya Kenya. Waliorithi breki legevu kwa baba na kwa mama walikuwa na hatari ya malaria kali pungufu kwa karibu nusu. Makrofaji zisizozuiwa huwahi vimelea. Lakini pwani si Magu. Je, watoto wa huku nao wamekingwa hivyo?

Hilo linahitaji maabara. Jingine haliwezi kungoja. Mwanamke akifika zahanati na miguu iliyovimba na vipele mashavuni, kipimo cha malaria kikaonyesha hana, nani atakumbuka kumpima mkojo, kuangalia figo zake?