Hong Kong Walivuka Maji, Sisi Bado Twasubiri Feri

Kama wewe ni mtu wa kuangalia video za watalii wa Asia, hii lazima umeiona. Mgeni anashuka uwanja wa ndege Hong Kong, ananunua kadi moja, na kuanzia hapo haulizi mtu nauli. Treni, anagusa. Basi, anagusa. Tramu, feri, hata dukani akitaka maji ya kunywa, anagusa. Kadi yenyewe ilianza 1997 na inaitwa Octopus. Yaani pweza! Sisi pweza tumemwacha kwenye sufuria ya supu, wenzetu wamemtia mfukoni na anawalipia nauli.

Sasa mgeni wetu aje Mombasa na SGR. Treni yamshusha Miritini, mjini bado. Hapo aanze kubishana na tuktuk, ama atafute matatu, na akiwa anaenda Diani kwa kupitia mjini, bado maji ya Likoni yanamsubiri. Hakuna kadi wala ramani ukutani. Kuna manamba tu anayepiga kelele, na bei ya manamba hutegemea uso wako.

Najua jibu lenu. "Wale ni matajiri, achana nao." Mimi chuo niliacha, lakini kusoma historia sikuacha, na hilo jibu nakwambia ni la uvivu. Hong Kong ilianza ikifanana na sisi kuliko unavyofikiria.

Fungua ramani. Kuna kisiwa chenye ofisi na bandari, kuna maji, halafu kuna bara ambako watu wengi wanalala. Wao bara yao ni Kowloon, sisi yetu ni Likoni, Kisauni na Changamwe. Mtawala alikuwa mmoja, Mwingereza. Na swali la kila asubuhi lilikuwa moja: mfanyakazi atavukaje?

Tuanze na reli, kwa sababu hii hata watu wazima wengi wa hapa hawaijui. Mombasa ilikuwa na usafiri wa reli ndani ya mji kabla Nairobi haijawa mji. Mwaka 1890 kampuni ya Imperial British East Africa ilianza kulaza reli nyembamba ikiota kufika ziwani Uganda. Ndoto ikafa baada ya maili chache tu. Vyuma vikaletwa kisiwani vikawa njia ya troli, kutoka upande wa Fort Jesus hadi Kilindini. Troli lilikuwa benchi lenye paa la turubai juu ya magurudumu. Injini yake ilikuwa watu. Wanaume wawili nyuma, wanasukuma wakikimbia kwenye jua la pwani, na bwana ameketi mbele na kofia yake. Wakubwa serikalini walikuwa na matroli yao wenyewe, kama vile leo mheshimiwa na gari lake.

Miaka ya 1920 yakaondolewa, na magari yakachukua barabara.

Hong Kong nao walilaza reli za tramu kisiwani, zikaanza kazi 1904, lakini za umeme, na za kila mtu mwenye senti. Zile tramu zipo mpaka leo. Zetu zimebaki kwenye postikadi za zamani. Mimi siyalilii matroli yale, bora yalikufa. Ila yanaonyesha jambo: usafiri wa kwanza wa mji huu ulipangwa kwa ajili ya mgeni na bosi, na mwenyeji kazi yake ilikuwa kusukuma.

Twende kwenye maji sasa. Star Ferry ya Hong Kong ilianzishwa 1888 na mfanyabiashara Mparsi kutoka India. Feri ya Likoni imekuwa ikivusha watu tangu 1937. Upande wa Kisauni, 1931 lilifunguliwa daraja la Nyali la kuelea, lililokaa juu ya maboya likipanda na kushuka na maji. Lilikuwa la kulipia. Yaani mtu wa Kisauni kwenda kuuza mboga zake mjini, alipe kwanza daraja.

Hapa ndipo njia zetu na zao zinapoachana, na naomba usome polepole.

Mwaka 1966 Star Ferry ilitaka kuongeza nauli ya daraja la kwanza kwa senti 5. Senti tano tu, na tena kwa wale wa sitaha ya juu. Kijana mmoja akaenda kwenye gati akagoma kula. Wengine wakamfuata, yakawa maandamano, halafu ghasia za usiku kadhaa. Mtu mmoja alikufa na zaidi ya elfu moja walikamatwa. Nauli ilipanda bado. Lakini serikali ilikuwa imeona kwamba kwa mtu wa chini, kuvuka maji ni suala la tumbo. Mwaka 1972 wakafungua njia ya magari chini ya bahari. Mwaka 1980 treni ya chini ya ardhi ikapita chini ya maji yale yale. Na feri haikuondolewa! Leo mtu wa Kowloon anachagua: treni, basi, ama apande Star Ferry apigwe na upepo kwa bei ndogo.

Mwaka huo huo wa 1980, sisi tulipata nini? Daraja jipya la Nyali, lile lililojengwa na Wajapani, njia sita. Lilikuwa jambo kubwa, na Kisauni yote ya leo, Bamburi mpaka Mtwapa, imekua kwa sababu yake. Changamwe nao walikuwa na Makupa, na 2022 daraja jipya likafunguliwa pale. Likoni? Likoni ikaambiwa isubiri.

Na gharama ya kusubiri tunaijua. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka hatua chache kutoka ng'ambo, ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Watu 272 walikufa. Wengi walikuwa wanaenda kazini tu. Ukikaa Likoni, huulizi kama kuna familia iliyoguswa, unauliza ni nyumba ya ngapi.

Baada ya hapo tumeletewa feri mpya: MV Likoni na MV Kwale 2010, MV Jambo 2017. Wakati wa korona tukawekewa daraja la miguu la kuelea pale Liwatoni. Kuna barabara ya Dongo Kundu pia, nzuri sana ukiwa na gari, lakini mama wa Likoni anayefanya kazi Mwembe Tayari hawezi kuzunguka huko kwa miguu. Daraja kubwa lenyewe la Likoni tunalisikia kwenye habari kila msimu.

Mtu ataniambia shida ni matatu, mji hauwezi kupangika na hawa watu. Si kweli. Hong Kong nao walikuwa na vigari vya abiria vilivyofanya kazi kinyume cha sheria. Mwaka 1969 wakavihalalisha. Sisi 1973 Mzee Kenyatta akaruhusu matatu kubeba watu bila leseni ya usafiri. Tofauti ni kilichofuata. Wao wakaleta pia minibasi za kijani, zenye njia maalum na nauli maalum. Sisi tulisubiri mpaka sheria za Michuki 2004 kupata mikanda na ule mstari wa njano. Nauli bado hupanda mvua ikinyesha. Na 2014 serikali ilipotaka kulazimisha malipo kwa kadi, mpango ukafa, kwa sababu ulianza na kadi kabla ya kuanza na njia.

Hilo ndilo ninalotaka mtoke nalo. Pweza wa Hong Kong alikuja 1997, mwisho kabisa, baada ya tramu, feri, njia ya chini ya bahari na treni kuwepo. Kadi ni mkia wa stori. Kichwa chake ni kwamba walikubali mtu wa bara ana haki ya kuvuka kwa njia zaidi ya moja, bila kuweka roho yake rehani.

Kwa hivyo mwanasiasa akija Likoni, Kisauni ama Changamwe na michoro yake ya daraja, mabasi ya kisasa na kadi, usiulize kwanza litakuwa refu kiasi gani. Muulize mtu wa miguu atapita wapi, na atalipa ngapi. Mji huu ushazoea kusukumwa na watu ambao wenyewe hawajapata kuketi kwenye lile benchi.